Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Bingwa wa Mbinu za Vita Aliyefia Ugenini

Utangulizi

Kusini mwa Mombasa, yapata kilomita 50 kwa barabara iendayo Lunga Lunga, kabla ya kuufikia mji wa Msambweni, pana kijiji cha wavuvi kiitwacho Gazi. Mgeni apitaye hapo huona minazi, ghuba tulivu na msitu mkubwa wa mikoko. Ni wachache wanaotambua kwamba katika karne ya 19 kijiji hiki kilikuwa makao ya mtu aliyewasumbua masultani wa Unguja kwa zaidi ya miaka 20, kisha akaulazimisha utawala wa Uingereza kuleta wanajeshi kutoka India ili kumshinda. Mtu huyo ni Sheikh Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na Wamazrui mapema katika masomo yake. Hukutana nao katika tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zama za utawala wao na kuutetea mji wake dhidi ya Seyyid Said. Aghalabu, hata hivyo, simulizi hiyo hukomea mwaka 1837, pale Mombasa ilipoanguka, kana kwamba ukoo mzima ulitoweka siku hiyo. Maisha ya Mbaruk ndiyo sehemu ya pili ya kisa hicho. Aidha, ni maisha yanayozua swali zito: je, mtu aliyepigana na mkoloni kwa ushujaa, lakini akapigana pia kulinda ukubwa uliojengwa juu ya migongo ya watumwa, aenziwe au alaumiwe?

Nasaba na Malezi

Wamazrui walitoka Omani. Baada ya Waomani kuwafukuza Wareno katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, maliwali walitumwa kuitawala Mombasa kwa niaba ya Maskati. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 cheo hicho kilifika mikononi mwa Wamazrui. Ukoo wa Busaidi ulipotwaa uongozi huko Omani, Wamazrui walikataa kuutambua. Tangu hapo waliitawala Mombasa kama mji huru, wakishirikiana na wenyeji wa Taifa Tatu na Taifa Tisa, na wakijenga uhusiano na Mijikenda wa bara.

Uhuru huo ulidumu takriban karne moja. Seyyid Said bin Sultan aliushambulia mji mara kadhaa bila kufua dafu. Hatimaye palipozuka mfarakano miongoni mwa Wamazrui wenyewe, alipata mwanya wa kupenya, na mwaka 1837 Mombasa ikawa yake. Liwali wa mwisho wa Kimazrui alikuwa Rashid bin Salim. Yeye pamoja na wakuu wengine wa ukoo walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, na hawakurejea tena.

Rashid bin Salim huyo ndiye baba yake Mbaruk. Ina maana kwamba Mbaruk alikuwa mtoto mdogo baba yake alipochukuliwa, na alikua akijua kwamba nyumba ya Busaidi ndiyo iliyomfanya yatima. Jambo hili si dogo. Mengi aliyoyafanya baadaye hayaeleweki vyema pasi na kulikumbuka.

Walionusurika waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilielekea kaskazini na kufanya makao Takaungu, karibu na Kilifi. Kundi la pili lilikwenda kusini na kutulia Gazi, miongoni mwa Wadigo. Wa Takaungu walichagua njia ya mapatano. Walikubali mamlaka ya Unguja na kustawisha kilimo cha nafaka. Wa Gazi nao waliikubali bendera ya Sultani, lakini shingo upande.

Mkuu wa Gazi

Mbaruk alipoushika uongozi wa Gazi alikuta mji mdogo wenye faida tatu. Kwanza, ghuba yake ilifaa kwa majahazi. Pili, ardhi yake ilikuwa na rutuba, na mashamba ya minazi na nafaka yalilimwa na watumwa. Tatu, nyuma ya mji, upande wa bara, kulikuwa na vilima vyenye misitu, ambamo jeshi la kigeni lingepotea njia. Katika vilima hivyo, mahali paitwapo Mwele, alijenga boma lililozungushiwa miti na kuzibwa na kichaka kinene.

Pwani ilikuwa nyumba yake ya amani, na Mwele ikawa nyumba yake ya vita. Alipokuwa na suluhu na Sultani aliishi Gazi, akafanya biashara na kupokea wageni. Suluhu ilipovunjika alipanda vilimani, akawaachia adui zake mji mtupu. Mchezaji hodari wa bao hatazami kete za mkononi tu. Huzihesabu na zile zitakazomrudia baada ya mizunguko miwili. Mbaruk alikuwa mchezaji wa namna hiyo katika siasa za pwani.

Nguvu zake hazikutokana na Waarabu pekee. Wafuasi wake wengi walikuwa Wadigo na Waduruma waliofungamana naye kwa biashara, kwa ujirani, kwa ndoa na kwa maslahi. Wengine walikuwa watumwa wake aliowapa silaha, na wengine watoro waliokimbia mabwana wao kwingineko na kutafuta hifadhi porini. Ni kinaya kikubwa kwamba mmiliki wa watumwa alipata askari miongoni mwa watumwa waliotoroka, lakini ndivyo hali ilivyokuwa.

Kupambana na Unguja

Seyyid Barghash alitawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Katika kipindi hicho Mbaruk aliasi zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alipigana na majeshi ya Sultani katika eneo la Vanga na Gazi. Alisukumwa hadi Mwele, kisha yakafanyika mapatano, naye akarejea Gazi.

Uasi mkubwa zaidi ulitokea mwaka 1882. Wakati huo Barghash alikuwa na jeshi jipya lililofunzwa kwa mtindo wa Kizungu chini ya Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliyekuwa amekabidhiwa kazi hiyo mwaka 1877. Mathews alipanda hadi Mwele na kulizingira boma. Boma lilianguka, lakini Mbaruk mwenyewe hakupatikana. Alikuwa amekwisha kuponyoka. Baada ya muda alisamehewa na kuruhusiwa kurudi kwake.

Waliomtazama kwa mbali walidhani kwamba msamaha huo ulitokana na udhaifu wa Unguja. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na hesabu zake. Sultani alijua kuwa gharama ya kumwinda Mbaruk porini ilizidi faida ya kumnasa. Mbaruk naye alijua kwamba hangeweza kuiangusha Unguja. Wahenga walinena kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Mbaruk aliubusu mkono huo kila alipozidiwa, akangojea siku ambayo ungelegea.

Kampuni na Mpaka Mpya

Mambo yalibadilika madola ya Ulaya yalipoingia. Katika mapatano ya mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani ziligawana bara la Afrika Mashariki na kumwachia Sultani ukanda mwembamba wa pwani wenye upana wa maili 10. Mstari wa kugawa maeneo yao ulianzia kwenye mdomo wa mto Umba, kusini kidogo mwa Vanga, ukaelekea bara hadi ziwa Victoria. Watu wa Gazi na Vanga hawakuulizwa. Wadigo walijikuta wamekatwa vipande viwili, wengine upande wa Waingereza na wengine upande wa Wajerumani. Wakati huo mstari huo ulikuwa wino kwenye karatasi tu, lakini miaka 10 baadaye ungekuwa ndio wokovu wa Mbaruk.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake na kuanza kuusimamia ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani. Kampuni hii haikuwa na askari wa kutosha wala fedha nyingi, hivyo iliona ni nafuu kumpa Mbaruk ruzuku na kumwacha na watu wake wenye silaha mradi adumishe amani. Kwa miaka kadhaa mpango huo ulifaulu. Mtu aliyekuwa mwiba kwa Unguja alikaa kimya, akilipwa na Waingereza.

Mzozo wa Takaungu

Vita vilivyomtoa Mbaruk nchini mwake havikuanzia Gazi. Mwezi Februari mwaka 1895 Salim bin Khamis, mkuu wa Wamazrui wa Takaungu, alifariki. Palitokea warithi wawili. Mmoja alikuwa mwanawe, Rashid bin Salim, kijana aliyeelewana na maofisa wa Kampuni. Wa pili alikuwa mpwawe marehemu kwa nduguye, aliyeitwa pia Mbaruk bin Rashid, mtu mzima mwenye wafuasi wengi. Kwa desturi ya ukoo, haki ya huyu wa pili ilikuwa na uzito, lakini Kampuni ilimtambua Rashid kwa kuwa ilimwona rafiki.

Mbaruk wa Takaungu, pamoja na nduguye Aziz, alikataa. Wakati huohuo Kampuni ilikuwa inafilisika, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ilichukua usimamizi wa nchi na kuifanya himaya. Kamishna wake wa kwanza alikuwa Arthur Hardinge. Majeshi ya wanamaji yalipelekwa kuwatawanya waasi wa Takaungu, na Mbaruk mdogo akakimbilia kusini kwa jamaa yake, Mbaruk mkubwa wa Gazi.

Hapo ndipo mzee wa Gazi alipofikia njia panda. Alikuwa amekaribia umri wa miaka 60, ikiwa hakuwa ameupita. Alikuwa na ruzuku, mashamba na heshima. Hardinge alimtaka amtoe mgeni wake. Kumtoa kungekuwa kuvunja ada ya ukoo na ya dini kuhusu mtu aliyeomba hifadhi. Zaidi ya hayo, kungekuwa kukubali kwamba kuanzia siku hiyo mkuu wa Wamazrui angechaguliwa na ofisa wa Kizungu. Kutomtoa kulikuwa vita. Hardinge alikwenda Gazi mwenyewe na wakaonana. Mbaruk alitoa ahadi, akavuta siku kwa udhuru huu na ule, na mwishowe akafanya alilolifanya daima: aliuacha mji akapanda Mwele.

Vita vya Mwaka 1895 na 1896

Safari hii adui hakuwa Sultani peke yake. Admirali Harry Rawson aliongoza mabaharia wa Kiingereza pamoja na askari wa Unguja, na tarehe 17 Agosti 1895 waliiteka Mwele. Lloyd Mathews, yuleyule aliyelizingira boma hilo mwaka 1882, alikuwemo na akajeruhiwa. Uingereza iliyahesabu mapigano hayo kuwa makubwa kiasi cha kulichora jina la Mwele kwenye nishani walizopewa wanajeshi. Hata hivyo, Mbaruk alikuwa ameponyoka tena.

Kuanguka kwa Mwele hakukumaliza vita, kulivieneza. Kabla ya hapo adui alijua pa kumtafuta Mbaruk. Sasa alikuwa kila mahali na hayupo popote. Vikosi vidogo vilivizia misafara, vikashambulia vituo na kutokomea vichakani. Upande wa kusini, eneo la Vanga halikuwa na usalama. Upande wa kaskazini, Aziz aliongoza mapambano katika misitu ya nyuma ya Takaungu, na mji wa Malindi ukashambuliwa. Hamisi wa Kombo, mkuu wa Kiswahili wa Mtwapa, alijiunga na upinzani. Kwa hiyo si sahihi kuviita vita hivi ugomvi wa Waarabu peke yao. Waswahili, Wadigo, Waduruma, baadhi ya Wagiriama na watoro walikuwemo, kila kundi kwa sababu zake.

Mateso ya raia yalikuwa makubwa. Vijiji vilichomwa na pande zote mbili, mazao yakaharibiwa na watu wakayahama makazi yao. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo, na nyasi za vita hivi zilikuwa wakulima wa Kidigo na Kiduruma ambao hawakuwa na usemi juu ya nani arithi Takaungu.

Mwanzoni mwa mwaka 1896 serikali ya himaya ilikiri kwa vitendo kwamba askari wake hawakutosha. Kikosi cha wanajeshi kililetwa kutoka India. Askari hawa walikuwa wengi na wenye nidhamu, nao waliwafuata waasi bila kuwapa nafasi ya kupumua. Visima vilishikwa, njia zikafungwa, na chakula kikaadimika. Mbinu ya kuponyoka ilikuwa imemsaidia Mbaruk kwa sababu adui zake walichoka kabla yake. Safari hii alikabiliana na dola ambalo halikuchoka.

Kuvuka Mpaka

Mwezi Aprili mwaka 1896 Mbaruk alifanya uamuzi wake wa mwisho wa kivita. Hakujisalimisha kwa Waingereza, wala hakusubiri kuuawa. Aliwaongoza wafuasi wake, zaidi ya watu 1,000 wakiwemo wanawake na watoto, wakauvuka mpaka na kuingia eneo la Wajerumani. Huko, karibu na pwani ya kaskazini mwa Tanga, walipokewa na Gavana Hermann von Wissmann, wakaweka silaha chini.

Tukio hili lina uchungu wake. Wissmann ndiye aliyeongoza majeshi ya Wajerumani dhidi ya upinzani wa pwani ya Tanganyika, na ndiye aliyemnyonga Bushiri bin Salim huko Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Miaka isiyotimia 7 baadaye, mzee wa Gazi aliyatia maisha yake mikononi mwa mtu huyohuyo. Mbaruk hakuwa amedanganyika kuhusu tabia ya Wajerumani. Alijua tu kwamba kwao yeye hakuwa mwasi bali mkimbizi, na kwamba mkimbizi wa Waingereza angeweza kuwa na thamani mbele ya washindani wao. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi: hakunyongwa wala hakurudishwa. Mpaka uliochorwa bila kuulizwa ndio uliomwokoa.

Mwezi uliofuata, reli ya kuelekea Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Ni dhahiri kuwa reli hiyo isingalisonga mbele kwa utulivu iwapo vita vya Wamazrui vingaliendelea nyuma ya mji.

Miaka ya Ugenini

Mbaruk aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Hakuwa mkimbizi maarufu pekee mjini humo. Mwezi Agosti mwaka 1896 Seyyid Khalid bin Barghash alijitangaza Sultani wa Unguja, na jumba lake likapigwa mizinga na manowari za Rawson kwa muda usiofika saa moja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, kisha akasafirishwa Dar es Salaam. Hivyo mtoto wa Barghash na adui mkubwa wa Barghash walijikuta katika mji mmoja, chini ya mlinzi mmoja, wote wamefukuzwa na Admirali mmoja. Uhasama uliokuwa umedumu kati ya koo zao tangu karne ya 18 ulikuwa umepitwa na wakati. Waliokuwa wakigombea nyumba walikuwa wameipoteza.

Huku nyuma, mali ya Mbaruk na ya wakuu walioandamana naye ilitwaliwa na serikali ya himaya. Wamazrui wa Takaungu waliobaki upande wa Waingereza walihifadhi sehemu ya ardhi yao. Wa Gazi waliipoteza. Utumwa, ambao ulikuwa nguzo ya mashamba ya koo zote mbili, ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mbaruk aliishi akasikia habari hizo akiwa mbali.

Miaka 4 baada ya kifo chake, Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka, na mpaka alioukimbilia ukawa uwanja wa mapigano. Mwaka 1914 Wajerumani waliokuwa wakielekea Mombasa walizuiwa Gazi. Mwezi Januari mwaka 1915 palipiganwa vita vikali Jasin, mpakani. Mwaka 1916 damu ilimwagika tena Mwele. Majina yaliyoyapamba maisha ya Mbaruk yalirudi katika taarifa za vita, ilhali yeye hakutajwa.

Tathmini

Wapo wanaomwona Mbaruk kama mmoja wa mashujaa wa kwanza wa kupinga ukoloni nchini Kenya. Hoja yao ina mashiko. Alikataa dola la kigeni lipewe haki ya kuteua viongozi wa watu wake, na aliwaunganisha watu wa makabila na dini mbalimbali katika mapambano ya miezi mingi.

Wapo pia wanaomwona kama mtwana wa maslahi yake. Nao wana ushahidi. Alipokea fedha za Kampuni alipofaidika nazo. Utajiri wake ulitokana na jasho la watumwa, na simulizi za Gazi humkumbuka kama bwana mkali aliyewatesa watu. Kwa mjukuu wa mtumwa wa Gazi, neno shujaa si rahisi kulitamka.

Pengine kosa liko katika kutaka mizani itoe jibu moja. Mtu anaweza kuwa mpinzani wa udhalimu mmoja na mtekelezaji wa udhalimu mwingine. Msomi wa Kiswahili, ambaye amezoea kuwachambua wahusika wa riwaya na tamthilia kwa sifa zao zote, nzuri na mbaya, hana budi kuwatendea haki hiyo wahusika wa historia.

Hitimisho

Ukoo wa Mazrui haukuzimika. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, yaani miaka 5 kabla ya Mbaruk kuvuka mpaka, alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaandika historia ya ukoo wake na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa uandishi wa magazeti ya Kiswahili pwani. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alitambulika ulimwenguni kote kama msomi wa siasa hadi alipofariki mwaka 2014. Silaha ilibadilika kutoka bunduki hadi kalamu.

Gazi nayo ingalipo. Nyumba ya Mbaruk ilitumiwa kwa miaka mingi kama shule, na watoto wa Kidigo wakajifunza kusoma mahali ambapo pengine mababu zao waliingia kwa hofu. Kaburi la mwenye nyumba hiyo haliko Gazi. Mtu aliyeponyoka kila mtego aliowekewa na masultani na maadmirali hakuweza kuponyoka ugeni, na nchi aliyoipigania hadi uzeeni hakupata kulala ndani ya ardhi yake.